Kupima Kimya

Miaka sita nilihesabu matone.
Makerere, ghorofa ya pili, chumba chenye harufu ya sabuni na asidi,
nitrati ya fedha ikidondoka kutoka kwenye biureti
tone, tone, tone,
mpaka ndani ya kioo uzuke ukungu mwembamba
na mkono ufunge bomba kabla jicho halijaamini.
Muhogo wa Kumi, muhogo wa Ngora, muhogo wa Serere:
niliusaga, nikauchuja, nikaikamua siri yake,
sayanidi kwa kila kilo, desimali mbili.
Majedwali yangu yalikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Kisha nikaenda Soroti kuchukua sampuli,
nikapita shuleni kumsalimu Okiror, niliyesoma naye.
Kidato cha pili, wanafunzi tisini na wanne.
Bika ilikuwepo, moja,
kabatini, kabati na kufuli, ufunguo kwa mkuu,
mkuu kwenye semina Mbale.
Okiror akaichora ubaoni.
Ubao una ufa, na ufa ukapita katikati ya bika.
Tisini na wanne wakachora bika,
na ufa.

Msichana akasimama. Asekenye, nilisikia wakimwita.
“Mwalimu, bibi humenya muhogo, akauvundika siku tatu chini ya majani
mpaka uote ukungu. Halafu huukwangua, akautwanga.
Ule ukungu ndio unaokula sumu,
au sumu huondoka yenyewe?”

Okiror alitazama saa. Akanitazama.
“Hilo haliji kwenye mtihani.”
Akaketi, taratibu,
kama mtu anayerudisha alichokiokota.

Nami?
Jibu lilikuwa mkobani mwangu, ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Nilitazama viatu vyangu.

Msimlaumu Okiror. Husahihisha kwa tochi,
na mshahara wa Machi humfikia Mei.
Aliponisindikiza mpaka barabarani alisema tu,
“Mimi pia nilikuwa nikiuliza.”
Tukacheka kidogo, halafu hatukucheka.

Nilirudi Kampala, nikaosha biureti,
nikaitundika kichwa chini ikauke.
Sikuishika tena.
Wenzangu walisema nimeikimbia kemia,
nimekwenda kule kwa wenye chaki.
Dakta Tumwebaze, aliyenifundisha kupima, hakusema neno;
alihamisha jina langu kwenye rafu, akaweka la mwingine.

Nilidhani ni kazi nyepesi.
Muhogo haukuwahi hata siku moja kujaribu kunifurahisha.
Watoto walijaribu.
Mmeelewa? Ndiyo, madamu.
Hamkuelewa? Ndiyo, madamu.
Mwaka mzima wa kanda niliutupa,
sauti yangu mwenyewe imejaa humo kama mchanga kwenye mchele.
Mhakiki mmoja aliuliza kifaa changu kilisawazishwa vipi.
Kifaa changu kilikuwa mimi.

Siku hizi nabeba saa ya kubonyeza.
Mwalimu anauliza, nabonyeza;
mtu akisema lolote, nabonyeza tena.
Kilicho katikati ndicho ninachopima.
Mara ya kwanza kwa Okiror kilikuwa nusu sekunde,
kisha akajijibu mwenyewe na kufuta ubao.
Nilimwonyesha jedwali. Aliinamisha kichwa juu yake muda mrefu,
muda mrefu kuliko alivyowahi kuwapa wao.

Asekenye hayupo. Nimeuliza.
Karo, alisema mmoja; kwa shangazi yake Katakwi, alisema mwingine.
Nimeandika ukurasa mzima wa jibu lake, kwa lugha ya kawaida,
na bado unakaa mkobani, palepale.

Leo ni Alhamisi, saa nne asubuhi.
Bika iko mezani, na maji ndani yake.
Okiror ameuliza kwa nini muhogo ule ule
unamwua mbuzi na kutulisha sisi.
Nimebonyeza.
Sekunde ya tano. Anaishika chaki kama sigara.
Ya saba. Nje mtu anapasua kuni.
Ya nane, na nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo,
kitu kinaanza kutanda usoni mwa mvulana mmoja,
chembamba, kama ukungu.
Mkono wangu, uliozoea kufunga haraka,
nimeukalia.